Kadi Iliyoshonwa kwa Uzi Mwekundu

Kadi ya mkopo ya kwanza kuishika maishani mwangu niliitoa kwenye beseni la nguo, imejaa povu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikifua nguo mara mbili kwa wiki katika nyumba moja kubwa ya Elgon View, na kadi hiyo ilikuwa imesahaulika mfukoni mwa suruali ya mwenye nyumba. Nilijua nimeharibu pesa za watu. Niliipangusa kwa sketi yangu, nikampelekea mama wa nyumba jikoni, nikamwambia akate mshahara wangu pole pole mpaka pesa zilizokuwa humo zirudi. Alicheka mpaka akaweka kisu chini.

“Hii haina pesa, mami,” aliniambia. “Hii ina deni.”

Kwa miaka kumi na mitano nilibaki na maneno hayo. Nilipokuwa nikiona mtu supamaketi akitoa kadi, nilikuwa namwonea huruma kidogo.

Siku hizi sifui tena nguo za watu. Nashona magunia. Nikisema hivyo wengine hudhani natengeneza magunia yenyewe, lakini kazi yangu ni kuyafunga midomo. Kwenye ghala za nafaka hapa Eldoret mahindi hujazwa, yakapimwa mpaka kilo tisini zitimie, halafu naitwa mimi na sindano yangu ndefu iliyopinda na uzi wa nailoni. Nalipwa kwa gunia. Kila mshonaji ana fundo lake la mwisho. Langu lina mizunguko mitatu na mkia mfupi ninaoukunja ndani. Lori likifika linakokwenda na gunia likapatikana limepungua, tajiri huangalia fundo kwanza. Likiwa ni langu, anajua halikufunguliwa njiani.

Fundo hilo nilifundishwa na mama. Baba alipofariki tulibaki naye huko Chepsaita, kwenye nusu ekari, sisi watoto watatu: mimi mkubwa, kaka yangu wa katikati, na kitindamimba ambaye alikuwa hata hajaanza kutembea vizuri. Kila mwaka baada ya kuvuna na kukausha, mama alichagua gunia moja zuri, akalishona kwa uzi mwekundu aliofumua kutoka kwa sweta kuukuu, akaliweka kwenye mbao karibu na kitanda chake. Hilo lilikuwa la dharura. Halikuliwa na halikuuzwa mpaka mavuno mengine. Lakini hakulificha wala hakutukataza kulifungua. Sheria yake ilikuwa fupi: mwenye shida anaweza kukata uzi, ila aseme kabla ya chakula cha jioni.

Mimi niliivunja sheria hiyo mara moja. Nilikuwa kidato cha pili na nilitaka viatu vya michezo kama vya wenzangu. Nilikata uzi, nikachota kopo tatu za gorogoro, nikaziuza pale senta, nikashona tena kwa uzi ule ule mwekundu. Nilidhani nimeliweza fundo. Mama aliligusa kwa kidole gumba siku hiyo hiyo, akajua. Hakunichapa. Alisema, “Mahindi si kitu. Lakini sasa sijui gunia langu lina nini.”

Mwaka uliofuata mama alifariki kabla haujaisha. Niliacha shule muhula huo, na sikurudi. Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Kulikuwa na watoto wawili wa kulishwa na mimi ndiye niliyekuwa na mikono mikubwa. Kaka yangu alimaliza darasa la nane, akaipenda ile nusu ekari, na ndiye anayeilima hadi leo. Kitindamimba alipenda vitabu. Nilihamia Huruma, mtaa wa hapa Eldoret, kwenye chumba kimoja cha kupanga, na yeye akasoma akitokea hapo mpaka akaingia chuo kikuu kusomea mambo ya maji: mabomba, visima, matangi.

Na kila mwaka kaka hutuletea gunia moja kutoka shambani. Linakaa kwenye mbao, kando ya kitanda changu, limeshonwa kwa uzi mwekundu. Mgeni akija hulikalia.

Novemba ya mwaka alioingia mwaka wa pili, mdogo wangu aliugua tumbo. Nilikuwa ghala, simu yangu ikiwa ndani ya mkoba, mkoba ukining'inia kwenye msumari, na lori mbili zikingojea. Nilipoishika simu saa nane nilikuta amenipigia mara tatu. Mara ya nne aliyeongea ni msichana anayeishi naye hosteli. Alisema wako kliniki, daktari amesema ni kidole tumbo na kinahitaji kukatwa leo, na wanataka amana kabla ya kumwingiza chumba cha upasuaji.

Sikuwa na pesa hizo kwenye simu. Nilikuwa na gunia. Nilikimbia Huruma, nikakodisha mkokoteni, nikalipeleka sokoni jua likiwaka. Mahindi yalikuwa yamevunwa majuzi tu. Mfanyabiashara niliyemwendea ananijua, nimemshonea magunia miaka minne. Alichoma gunia kwa bambo, lile bomba la chuma lenye ncha, akamwaga punje kiganjani, akang'ata moja.

“Mama, haya bado mabichi,” alisema. “Na wewe unajua.”

Nilijua. Mwezi wa Novemba kila mtu Uasin Gishu ana mahindi ya kuuza, na makavu kuliko yangu. Alinipa bei ya mabichi na mimi sikubishana kwa sababu kubishana kunataka dakika. Nilifika kliniki saa kumi na nusu na noti mkononi. Mdogo wangu alikuwa ameshatoka chumba cha upasuaji, amelala, midomo imekauka. Rafiki yake alikuwa amelipa amana kwa ovadrafti ya simu yake, ile ya kutuma pesa usizonazo, akaunganisha na ya wasichana wengine wawili wa hosteli. Nilimrudishia pale pale, pamoja na ile ada waliyokatwa, na gunia letu likaishia hapo, mpaka kaka alipotuletea jingine Januari.

Daktari aliniambia kwa upole kwamba tungechelewa kidogo tu kingepasuka. Nilikaa kwenye benchi. Akiba tulikuwa nayo. Tulikuwa nayo miaka yote, sijawahi kulala bila akiba chumbani mwangu. Lakini ilikuwa mahindi, na mahindi hayakuweza kufika kliniki kabla yangu.

Jambo ninalotaka kusimulia lilianza Jumapili moja ya mwezi wa nne uliofuata. Mdogo wangu alikuja kutoka chuo na mfuko wa sukuma wiki na karatasi mbili zinazong'aa. Benki moja ilikuwa imepiga hema chuoni. Alikuwa anaenda mafunzo ya kazi kwa miezi mitatu, Lodwar, kwenye mradi wa visima, na alitaka awe na kitu cha dharura kabla ya kuondoka. Karatasi moja ilikuwa ya ovadrafti ya akaunti ya mwanafunzi. Nyingine ilikuwa ya kadi ya mkopo. Fomu zilitakiwa kurudishwa Ijumaa.

Nilimwuliza anaitaka ipi. Alisema ovadrafti, haraka sana, kama mtu aliyeamua ndani ya gari. Nikamwuliza kwa nini. Akasema ni rahisi, haitaki chochote, ni kutia sahihi tu. Kadi ilitaka mdhamini aweke amana benki, ifungiwe humo muda wote kadi inapotumika. Alinitajia kiasi. Kilikuwa karibu sawa na pesa nilizokuwa nazo kwenye chama chetu cha akina mama, nilizokuwa nimezipangia kununua mashine ya mkono ya kushonea magunia. Mwenye mashine hufunga magunia matatu wakati mimi nafunga moja.

Nilizisoma karatasi zote mbili baada ya chakula, mistari yote, hata ile midogo ya chini. Sikuielewa yote. Jumatatu nilimwomba msimamizi wa ghala ruhusa ya saa mbili, nikanawa vumbi la mahindi, nikaenda benki.

Aliyenihudumia alikuwa msichana wa umri wa mdogo wangu au zaidi kidogo, kucha zake fupi na safi. Aliniita mama. Aliuliza kama ni mimi niliyemzaa mwanafunzi, nikamwambia ni mdogo wangu, wazazi hawapo. Akaandika mlezi. Akauliza kiwango changu cha elimu, nikamwambia nilimaliza kidato cha pili, naye akaandika bila kuinua kichwa. Nilishukuru kwa hilo. Kuna watu wakisikia kidato cha pili huanza kuongea na mimi kwa sauti kubwa.

Nilimwomba anieleze ovadrafti kama anamweleza mtu anayeuza mahindi. Alifikiria, akanieleza vizuri. Mwanafunzi anaruhusiwa kutoa pesa kuliko zilizo kwenye akaunti, mpaka kiwango fulani. Kila siku deni likikaa, kuna kitu kinaongezeka. Na pesa yoyote itakayoingia kwenye akaunti hiyo inalipa deni kwanza, kabla mwenyewe hajaigusa. Nikauliza, hata mkopo wa serikali wa karo? Akasema kama unaingia kwenye akaunti hiyo, hata huo. Niliwaza mdogo wangu akifungua simu siku ya kulipa karo na kukuta imeshaliwa.

Kadi nayo ilikuwa na tabia zake. Ukilipia kitu leo, benki inakuandikia, halafu inakupa tarehe. Ukilipa yote kufikia tarehe hiyo, hakuna riba. Ukilipa nusu, au ile sehemu ndogo wanayokubali, riba inaanza, na riba yake ni kali kuliko ya ovadrafti. Tena akanionya: ukienda kutoa noti kwa kadi ya mkopo kwenye mashine, unakatwa ada papo hapo na riba haikungojei hata siku moja. Ni ya kulipia pale penye mashine ya kadi tu, hospitali, duka la dawa. Na ile amana yangu ingekaa imefungwa. Nisipolipa, wataichukua.

Alinieleza kwa haki. Hakunisukuma upande wowote, ingawa nadhani angelipwa kitu kwa kila kadi. Kisha nikamwuliza swali nililokwenda nalo.

“Kama nina gunia la mahindi, na linahitaji wiki tatu ili nililikaushe na nipate bei yake, ni ipi kati ya hizi itakayoningojea?”

Alitabasamu kwanza, halafu akaacha, kwa sababu aliona nauliza kweli. Alivuta kalenda ndogo ya mezani akahesabu kwa kalamu.

“Kadi,” alisema. “Lakini ulipe yote, mama. Usilipe nusu.”

Nilirudi ghala nikashona mpaka jioni, na jambo hilo likizunguka kichwani. Ovadrafti ingefaa mtu mwenye mshahara, ambaye anajua tarehe ishirini na nane pesa itaingia na kuliziba shimo. Sisi hatuna tarehe ishirini na nane. Tuna msimu. Tulichopungukiwa siku ile ya kidole tumbo kilikuwa muda. Kama kuna mtu angemwambia mwenye kliniki angoje wiki tatu, lile gunia lingetosha na kubaki.

Jumatano mdogo wangu alikuja kuchukua fomu. Nilimwambia nimechagua kadi. Alikuwa anakata vitunguu, akaacha.

“Na mashine?”

“Mashine iko dukani. Haitaki kwenda popote.”

“Siz, hiyo pesa umeitafuta miaka mingapi?”

Nilimwambia mikono yangu ina kazi hata bila mashine. Akasema mimi nimezoea kuamua peke yangu, kwamba mradi ni wake, tumbo ni lake, na yeye ana miaka ishirini na mmoja. Hakupandisha sauti. Jirani yangu, mama mmoja wa kutoka pande za ziwa anayeuza dagaa wa omena, alikuwa mlangoni akisubiri nimrudishie sufuria yake, na akaona vyema kutupunguzia joto. Aliniuliza kama siku hizi nimeacha magunia nikaanza kushona benki. Tulicheka, akachukua sufuria yake akaenda. Alipoondoka kicheko kiliisha, na mdogo wangu akakaa juu ya gunia, mikono ikinuka vitunguu.

“Ile siku ya tumbo,” alisema, “haikuwa siku moja. Liliniuma tangu Jumanne.”

Alikuwa amenipigia Alhamisi.

“Nilijua nikikupigia utauza gunia,” alisema. “Nikaona nivumilie kidogo.”

Nimewahi kupata habari mbaya zaidi katika maisha yangu. Lakini hiyo ilikaa mahali pengine. Siku mbili msichana wangu alijikunja kitandani hosteli, akipima maumivu yake kwa bei ya mahindi. Nilikuwa nimefikiri hatari yetu ni simu iliyo kwenye mkoba, mkokoteni mzito, punje mbichi. Kumbe aliogopa kukata uzi. Mama alituwekea gunia ambalo kila mtu aliweza kulifungua, na mimi, bila kusema neno lolote, nililigeuza likawa kitu cha kuombewa ruhusa. Aliniona nikilipangusa vumbi kila Jumamosi. Aliniona nikila ugali mdogo ili lisiguswe.

Hapo ndipo nilipomsimulia kisa cha viatu vya michezo. Hakuwa amekisikia. Alinitazama kama mtu aliyegundua kwamba dada yake pia aliwahi kuwa na miaka kumi na sita. Nilimwambia maneno ya mama jinsi yalivyokuwa, kwamba mahindi si kitu.

Kisha nikamwambia jinsi nilivyotaka tufanye. Kadi itakuwa yake. Akiugua, au mwenzake akiugua na hakuna mtu mwingine, aitumie kwanza. Asinipigie kuomba. Asipige hesabu ya gunia. Alipe, atibiwe, halafu kabla ya chakula cha jioni aniambie.

“Usiniulize,” nilimwambia. “Niambie.”

Alifuta macho kwa mkono wenye vitunguu, jambo ambalo halikusaidia, na tukamaliza kupika. Fomu tulizijaza tukiwa tumekaa juu ya gunia wote wawili. Fomu ya ovadrafti tuliikunja tukaiweka chini ya mguu wa meza, ambao ulikuwa ukitikisika.

Kadi ilitoka wiki mbili baadaye. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoikumbuka ile ya kwenye beseni. Nilikata kipande cha gunia jipya la katani, ukubwa wa kiganja, nikakifua mpaka kikalainika, nikaitia kadi ndani. Uzi mwekundu niliufumua kutoka kwa sweta yake ya shule ya msingi, ambayo nilikuwa nimeiweka bila sababu. Nikashona pande zote nne na nikafunga fundo langu: mizunguko mitatu, mkia mfupi, nikaukunja ndani. Mdogo wangu alisema akipita mahali pa ukaguzi polisi watadhani ni hirizi. Nilimwambia awaambie imetoka kwa mganga wa Huruma anayelipisha kwa gunia.

Kuishona hakukuwa kwa kumzuia. Mkasi ni shilingi chache, na hata meno yanakata uzi. Nilitaka tu kuwe na kitendo. Kadi iliyolala wazi kwenye pochi hutoka leo kwa dawa, kesho kwa viatu, na mwenyewe hajui siku ilipogeuka. Ukilazimika kutafuta wembe, unajua unafanya nini.

Nilimwomba kitu kimoja kingine. Siku ya kwanza Lodwar, hata kabla ya kufungua begi, atafute ni hospitali gani yenye mashine ya kadi inayofanya kazi. Alinitumia ujumbe siku hiyo jioni. Ipo moja, dakika kumi kutoka anakolala. Ameingia, ameuliza, wamemwonyesha mashine. Wamemwuliza anaumwa nini, akasema haumwi bado.

Mimi nami nilibadilisha jambo moja. Simu niliitoa kwenye mkoba, nikaitundika shingoni kwa kamba. Vijana wa kupakia magunia waliniita kondakta kwa wiki nzima.

Mwezi wa tano ukapita. Gunia jipya kutoka kwa kaka lilikuwa kwenye mbao zake. Mwezi wa sita, Jumanne, kabla ya saa sita mchana, nilikuwa katikati ya mdomo wa gunia wakati simu ilipolia kifuani mwangu.

“Siz,” alisema. “Nimekata.”

Niliacha sindano ikining'inia kwenye uzi. Nilimwuliza yuko wapi. Alisema yuko kitandani hospitalini, mguu umefungwa bandeji, nge alikuwa ndani ya buti la kazi. Mguu ulivimba mpaka goti na mapigo ya moyo yakaenda ovyo, lakini ameshadungwa sindano na daktari anataka alale hapo usiku mmoja wamwangalie. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, kama ya mtu aliyetoka usingizini. Nilimwuliza ameumwa saa ngapi. Akasema saa tatu. Nikamwuliza amefika hospitali saa ngapi.

“Saa tatu na nusu,” alisema. “Sikungoja.”

Sikumwuliza ni pesa ngapi. Nilimwambia alale. Halafu nikaliwahi lile gunia kabla halijamwagika, na niliposhika sindano nikakuta nimepoteza hesabu ya mishono, nikaifumua nikaanza upya. Msimamizi aliuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia lilikuwepo.

Kaka alipopata habari alitaka kuja kesho yake tuuze gunia. Ndivyo tulivyozoea: mtu akiumwa, mahindi yanatoka. Nilimwambia atulie. Taarifa ya benki ilikuja kwenye simu ikiwa na kiasi na tarehe, na tarehe ilikuwa mbali, mwezi na siku kadhaa. Kaka hakuniamini mpaka nilipomsomea. Alisema hajawahi kusikia dharura inayokupa miadi.

Tulitumia siku hizo. Jumapili mbili nilitandaza mahindi kwenye turubai uani, jirani yangu wa omena akaniazima kona yake yenye jua zaidi kwa sharti kwamba nifukuze kuku wake mwenyewe. Mwishoni mwa mwezi mahindi yalikuwa yameanza kuadimika sokoni, kama inavyokuwa kila mwaka kabla ya mavuno mapya. Niliwasikiliza madalali wakitaja bei asubuhi na jioni, na bei ilipopanda mara ya tatu nikaita mkokoteni.

Nilimpelekea mfanyabiashara yule yule. Alichoma bambo, akamwaga punje kiganjani, akang'ata. Punje ilipasuka kwa sauti. Alinitazama, akang'ata nyingine.

“Leo hauna haraka,” alisema.

Nilimwambia leo sina.

Tulilipa benki yote, siku tisa kabla ya tarehe, na ikabaki pesa ya kununua mahindi ya kujaza nusu gunia mpaka kaka avune. Msichana wa benki alinikumbuka. Aliuliza habari za mwanafunzi, nikamweleza kuhusu nge, akavuta miguu yake chini ya kiti.

Sitaki mtu asome haya akadhani naisifia kadi. Msichana mmoja aliyekuwa mafunzoni na mdogo wangu alichukua ovadrafti na ikamfaa, kwa sababu mama yake ni mwalimu na humtumia pesa kila mwisho wa mwezi. Na yule mama wa Elgon View hakukosea: ndani ya kadi mna deni, hamna kitu kingine. Amana yangu bado imefungiwa benki, na magunia bado nayashona kwa mkono. Ninapopita duka lenye ile mashine ya kushonea huwa natazama kama bado ipo. Ipo.

Mdogo wangu alirudi mwezi wa nane, amekuwa mweusi kwa jua, anachechemea kidogo kwa makusudi ili tumpikie. Alikaa juu ya lile gunia lililojaa nusu, likazama, akacheka. Kisha akatoa kile kitambaa kwenye begi. Upande mmoja ulikuwa umekatwa kwa wembe, sawasawa, na ndani, pamoja na kadi, alikuwa ameweka kipande cha uzi mwekundu kilichokatwa, fundo langu likiwa bado juu yake.

Alinipa nishone tena. Nilitafuta uzi, nikatia kwenye sindano, halafu nikampa yeye.

Hakuwa amewahi kushona gunia. Nilikuwa nimemlinda na kazi hiyo tangu utoto, nikimwambia asome. Alishona polepole, ulimi nje, mishono mingine mirefu mingine mifupi. Alipofika mwisho akaniuliza fundo linafungwaje. Nilimwambia afunge analoweza kulitambua. Alizungusha mara mbili, akapitisha uzi katikati, akavuta kwa meno, akaacha mkia mrefu nje.

Halifanani na langu. Nililigusa kwa kidole gumba ili nilijue, nikamrudishia.